eth0 haijapotea, imebadilishwa jina

Unasema kwenye Linux yako huioni tena eth0, lile jina la kadi ya mtandao. Kadi haijafa mkuu, hiyo enp3s0 unayoiona ndo eth0 yako ya zamani. Tangu 2013 systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) inaipa kadi jina kwa pale ilipokaa kwenye mazabodi, en ni ya waya, p3 ni basi ya PCI (njia ya kuunganisha kadi na mazabodi) namba 3, s0 sloti 0, ili ukiwa na kadi mbili zisije zikabadilishana majina ukiwasha upya. Andika ip link kwenye terminal utaziona zote, ya wifi inaanza na wl. Mashine za steshenari hapa Moshi naziwekea mtandao hivyo hivyo, Ubuntu server unaandika hilo jina jipya kwenye faili la netplan (la mipangilio ya mtandao), unapiga sudo netplan apply, kwisha. Ila ukichomeka adapta ya USB ikaja enx na limkia refu usishtuke, hiyo ni MAC yake, namba ya kuitambulisha hiyo adapta.