Riba ya Benki Kuu na dagaa wangu wa Mwaloni

Julai 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliposhusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, shoga yangu wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, alinipigia: "Usikope sasa, subiri benki nazo zishushe." Nikacheka.

Riba ile inaongoza bei ya fedha benki zinapokopeshana zenyewe kwa siku 7. Mfumuko wa bei ulikuwa juu kidogo ya asilimia 3, ndiyo maana wakapata nafasi ya kulegeza. Lakini tuseme punguzo lote linanifikia mimi muuza dagaa: robo asilimia ya mkopo wa milioni 6 ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Basi.

Mimi kilichoniliza ni hesabu. Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa milioni 6, miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Nikaona kidogo, nikatia dole gumba. Kumbe riba ilipigwa juu ya milioni 6 zote mwanzo hadi mwisho. Mwezi wa 12 deni nililobakiza ni laki 5 tu, na bado nikalipia riba ya 210,000! Jumla 2,520,000. Ingepigwa kwenye deni linalobaki, kwa asilimia ileile, ningelipa 1,365,000. Na hao wala hawakuwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba za kuumiza, walikuwa na ofisi na feni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza riba ni ngapi, uliza inapigwa juu ya nini, na wakuandikie marejesho ya kila mwezi.

Halafu kuna mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala na mzigo unakatika. Afisa mikopo anataka rejesho kila tarehe 5, ila mwezi wa angani una siku 29 na nusu, hauifuati kalenda yake. Tarehe iliyokufaa Januari, Agosti inakukuta mkavu. Siku hizi giza likianza, mauzo ya kwanza natoa rejesho, ndipo nanunua mzigo mwingine. Mwanzoni inauma, maana bei ya kununua ndoo ya dagaa ndiyo iko chini wakati huo.

Shoga yangu alikuja na mkataba wake Jumatatu. Kurasa 4, na neno "linalobaki" hatukuliona popote. Tukaurudisha bila saini.