Kiwanja cha Chanika nimenunua kwa ajili ya nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza vitenge Kariakoo. Mwezi uliopita nilitoa akiba yangu ya kikoba nikanunua kiwanja Chanika. Nilimwambia mume wangu ni kwa ajili ya watoto. Akaniuliza, "Au ni kwa sababu wifi yako kanunua?" Tangu hapo sina raha.
Mama wa wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Limekuchoma kwa sababu lina kitu ndani, lakini usijihukumu haraka. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, waliandika kuhusu wanunuzi walioonyeshwa jozi nne za soksi ndefu za nailoni, zote sawasawa. Iliyopendwa zaidi ni ya mwisho kulia. Walipoulizwa kwa nini, hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa. Na hawakudanganya, waliamini sababu zao.

Mimi nilihama Magomeni kwenda Tabata nikisema kodi ni nafuu. Ilinichukua miaka kukiri kwamba nilichoka kumwona mama mkwe akifunua sufuria zangu kila jioni, akionja mchuzi, kisha akifunika bila neno.

Basi jiulize: wifi akiuza chake kesho, wewe utabaki na chako? Shika jibu la kwanza, kabla hujalipamba. Wivu ukiwemo, haina maana watoto hawamo. Mwambie mumeo yote mawili, watoto wakishalala.