Mnaoanza kusoma Zen na Wagiriki, msikimbilie kusema ni kitu kimoja

Wadogo zangu, mi haya mambo, Zen (Ubuddha wa kukaa kimya na kutafakari) na falsafa ya Wagiriki, nayasoma mwaka wa sita sasa na kuna kosa nililifanya nataka nyie mlikwepe. Nilisoma kwamba kule Delphi, Ugiriki, kwenye hekalu la mungu Apollo paliandikwa "Jitambue", baadae nikakutana na Dogen, mtawa wa Zen wa Japani, anasema kujifunza njia ya Buddha ni kujisoma mwenyewe, basi nikaandika kwenye daftari "hawa lao moja" nikasonga mbele. Nilipoteza muda mwingi sana pale, maana Dogen haishii hapo, anaendelea kwamba kujisoma mwenyewe ni kujisahau, na hilo kwa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyelishika sana lile neno "Jitambue", hulikuti.

Anza na Laches, kitabu cha Plato mwanafunzi wa Socrates, ni kifupi. Laches ni jenerali wa Athens, kwenye vita ya Delium mwaka 424 KK alikuwepo, yaani ushujaa kauona kwa macho yake, lakini Socrates anamuuliza ushujaa ni nini na kila jibu linavunjika, mpaka mzee wa watu anaudhika kabisa, anahisi anaujua ila kuusema hawezi. Kwa Socrates hapo kazi bado.

Halafu nenda kwa Dogen. Mwaka 1223 kavuka bahari kwenda China kutafuta mafundisho, kwenye monasteri ya Tiantong akamkuta mpishi wa miaka 68, mgongo umepinda, anaanika mboga za jikoni kwenye jua kali. Dogen akamuuliza, kwa nini usimwachie mwingine? Mzee akajibu, mwingine sio mimi. Sasa si usubiri jua lipungue? Nisubiri mpaka lini? Dogen akanyamaza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, yule mzee alikuwa anakilalia kila siku.

Kwa hiyo fanyeni yote mawili, kuhoji kama Socrates na kukaa kama Dogen, ila msiyachanganye. Chukua neno unalolitumia kila siku, andika maana yake, mpe rafiki mkweli akuhoji. Mi nilichukua "msamaha", maswali matatu tu nikaona nilichokuwa naita msamaha ni woga wa kugombana na watu, na iliniuma kweli.

Muda mwingine kabisa, kaa tu kimya. Dakika kumi na tano, uso ukutani, simu chumba kingine. Magoti yatauma wiki za mwanzo, weka mto mnene, na ukimaliza usikimbilie kitabu kutafuta jina la kilichokupata, nenda kaoshe vyombo.