Kuupumzisha mkono wa mafuta katika safari ndefu

Mwaka wa kwanza nilipoanza kupeleka mbegu za mboga kwa pikipiki kutoka Morogoro kwenda kwa wauzaji wa Iringa, Mafinga na Makambako, nilifika Iringa nikashindwa kuvua helmeti. Kifungo chake kinataka kidole gumba na kidole cha shahada, na vidole hivyo viwili vya mkono wa kulia havikuwa na habari kabisa. Mama mmoja wa mgahawa ndiye aliyenifungulia, akaniuliza kama nimepata kiharusi. Ilikuwa ni karibu kilomita 300 za kushika mafuta, yaani gripu ya kulia unayoizungusha kuongeza mwendo, bila kuachia. Mdogo wangu unayeanza kazi za safari ndefu, haya nakuandikia ili usiyajifunze kwa njia hiyo.

Elewa kwanza mkono huo unafanya nini. Wa kushoto unafanya kazi unapobadilisha gia, kisha unatulia. Wa kulia haupumziki. Ndani ya kabureta mna springi inayovuta ili mafuta yajifunge yenyewe, na muda wote unaotembea kifundo chako kinashindana nayo. Springi yenyewe si nzito, hata mtoto anaizungusha. Kinachokuumiza ni kwamba unaizuia saa tatu, nne, mkono ukiwa pale pale, na mtetemo wa injini ya silinda moja ukipita kwenye mifupa ile ile.

Sasa soma ganzi yako, maana haziko sawa. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vikifa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono ndio unaobanwa. Mshipa huo unapita kwenye njia nyembamba pamoja na kano za vidole, na kifundo kikikunjwa kuelekea nyuma, njia hiyo inazidi kubana. Ndivyo mkono unavyokaa ukivuta mafuta huku kiwiko kimeshuka. Kikifa ganzi kidole kidogo pamoja na jirani yake, huo ni mshipa mwingine, unaopita chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, na chanzo ni kuegemeza uzito wa mwili juu ya usukani. Na kama unahisi mkono mzima unawashawasha mpaka kwenye kiwiko, mara nyingi ni mtetemo na kukamata kwa nguvu kupita kiasi. Nimeona watu wakinunua vifaa bila kujiuliza swali hili, halafu wanalalamika kwamba havisaidii. Ganzi ikikuamsha usiku au ikibaki siku nzima baada ya safari, hapo hakuna kifaa, nenda hospitali.

Kabla ya kununua chochote, shughulikia waya wa mafuta. Zima injini, vuta mafuta mpaka mwisho, achia. Yanatakiwa yarudi kwa kishindo, "tak". Rudia usukani ukiwa umekata kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Yakirudi taratibu kama mlango wenye kutu, waya ni mkavu au umepinda mahali, na wewe umekuwa ukilipa deni hilo kwa kifundo chako. Waya wangu ulikuwa umebanwa nyuma ya taa na mtu aliyefunga kitu pale bila kuangalia. Fundi aliulegeza, akauingizia oili laini, na nusu ya maumivu yangu ikaisha siku hiyo bila kununua kitu. Mwambie pia aache uwazi mdogo, milimita 2 hadi 6 hivi kwenye ukingo wa gripu, kabla mafuta hayajaanza kuvuta.

Halafu mkao. Bana tangi kwa magoti, uzito ukae kwenye makalio na miguu, mikono iongoze tu. Mkono wa breki ushushe au uinue mpaka kiwiko, kifundo na vidole viwe mstari mmoja unapoufikia. Kazi hiyo ni ya spana moja na dakika tano. Shika gripu kama unavyoshika yai. Unapotaka kufungua mafuta, usikunje kifundo, sogeza kiwiko. Hili la kiwiko lilinichukua miezi kuzoea, na bado nikichoka najikuta nimerudi kwenye kukunja.

Ukishafanya hayo yote na bado mkono unachoka, ndipo kiegemeo cha kiganja kina maana. Ni kipande cha plastiki ngumu chenye pete iliyo wazi upande mmoja inayobana juu ya gripu, na bapa linalotokeza nyuma kuelekea kwako. Mimi nauita ulimi, kwa sababu unatokeza hivyo hivyo. Ukilaza kiganja juu yake, uzito wa mkono wako ndio unaozuia springi, vidole vinalegea, unaweza hata kuvinyoosha kimoja kimoja huku mwendo haubadiliki. Kariakoo vinapatikana ukiulizia kwa subira, na vingi vinaagizwa kutoka nje. Usichanganye na vile vya kukaza mafuta yabaki wazi hata ukiachia mkono. Hivyo mimi sivitaki kwenye barabara zetu za punda, watoto wa shule na malori yanayosimama bila taa.

Kuufunga ulimi ndiko kunakokosewa. Watu wanaupachika pikipiki ikiwa imesimama, wanaulaza sawa na ardhi, wanaondoka. Wakifika mwendo wa 80, gripu imeshazunguka, ulimi umeshuka chini, na wanalazimika kukunja kifundo kuufuata, yaani wamerudi kule kule. Fanya hivi: tafuta kipande cha barabara tupu, tembea kwa mwendo wako wa kawaida wa safari, angalia gripu imezunguka kiasi gani. Simama, zima, izungushe mpaka pale, na sasa funga ulimi uwe sawa na kiganja chako kilipolala bila kukunjwa. Ukiachia mafuta utauona umenyanyuka kidogo. Lakini usiuweke juu zaidi ya hapo, maana ukinyoosha vidole kufuata breki, kiganja kitaubonyeza na pikipiki itavuta wakati wewe unataka isimame.

Upande nao una maana. Ukiusukuma sana nje, kwenye ncha ya gripu, utabonyeza ule mshipa wa kidole kidogo niliokutajia, na ganzi itahamia huko. Ukiusogeza sana ndani utagusa boksi la swichi na kuyazuia mafuta yasirudi. Mimi naacha upana wa kidole kimoja kutoka kwenye boksi, ili bapa likae chini ya kiganja upande wa gumba. Kisha narudia lile jaribio la "tak", kushoto, katikati, kulia. Lisiposikika, ulimi hautoki nyumbani. Kwa jasho na mvua huwa unateleza. Utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli uliozungushwa juu ya gripu unatosha kuukamata. Usiukaze mpaka ushindwe kuuzungusha kwa vidole viwili ukiwa umekaa juu ya pikipiki, na sababu yake ndiyo inayofuata.

Nilikuwa nimeuzoea kama mwezi mmoja. Nikaingia Doma, kati ya Morogoro na Mikumi, mbele yangu lori linapunguza mwendo kwenye tuta. Nikakamata breki, mwili ukaenda mbele kama kawaida, uzito wote ukatua kwenye viganja, na kiganja cha kulia kilikuwa juu ya ulimi. Pikipiki ikavuma chini yangu huku breki imekamata. Gurudumu la mbele lilisimama pengine mita moja kutoka kwenye bampa la lile lori. Hakuna aliyeumia, hata dereva hakujua. Niliegesha chini ya mti, nikakaa pale muda mrefu nikiitazama mikono inavyotetemeka. Kosa halikuwa la kifaa. Niliingia kijijini na mkono wa barabara tupu.

Tangu siku hiyo kibao cha 50 nikikiona tu, hata tuta halijaonekana, nauzungusha ulimi mpaka ukae mbali na kiganja, na kwa kijiji kizima nashika mafuta kama zamani. Nikitoka kwenye nyumba ya mwisho naurudisha. Inachosha mwanzoni, kwa sababu barabara yetu ina vijiji vingi, kisha inakuwa kama kurudisha indiketa. Ndani ya hifadhi ya Mikumi pia siutumii, ingawa mwendo wa 70 wa mchana unashawishi sana, mkono umetulia na lami imenyooka. Swala haangalii kushoto wala kulia. Mlima Kitonga ni kona na malori. Huko unafungua na kufunga mafuta kila mara, ulimi unakusumbua tu. Raha yake niliipata ukanda wa Makambako kwenda Igawa, na safari moja ya Dodoma kwenda Manyoni, mahali unapoweza kutazama mbele sana na kuona hakuna kitu. Kwa hesabu yangu, katika safari nzima natumia ulimi chini ya nusu ya njia. Inatosha. Mkono unaopumzika dakika kumi hapa na dakika kumi pale unafika ukiwa mzima.

Kabla hujaupeleka barabara kuu, nenda uwanja wa mpira jioni. Zunguka kwa umbo la namba nane polepole ulimi ukiwa umefungwa, ujionee mwenyewe jinsi unavyovuta ukikata kona kali. Kisha fanya breki ya ghafla mara kumi kwa mwendo mdogo, ukifundisha kiganja kunyanyuka kwanza kabla vidole havijafika kwenye breki. Kiganja juu, ndipo vidole. Mpaka ifanyike bila kufikiri.

Mafinga mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kutosha kuua vidole bila msaada wa springi, kwa hiyo glavu nzito ni lazima. Lakini glavu nene inaongeza kimo cha kiganja; ukiivaa, pima ulimi upya. Na simama kila baada ya saa moja na nusu hata kama hujachoka, kunja ngumi, fungua, zungusha kifundo, kunywa maji.

Jambo jingine nililijua kwa kuliona. Kijana wa kuosha pikipiki aliwasha yangu aisogeze kivulini, akaweka gia, akakamata ulimi akidhani ni sehemu ya kushikia. Ikaruka naye mpaka kwenye ndoo za maji, akachubuka goti. Alikuwa na miaka kama kumi na sita, na kosa lilikuwa langu mimi niliyemwachia bila kumwambia. Siku hizi nikimpa mtu yeyote pikipiki, hata fundi wangu wa siku zote, nauvua kwanza, nauweka mfuko wa koti.