Nikabu ya kuazima

Mtu wa kwanza kujua siri yangu ni daktari wa meno. Si mume wangu, si mamangu ambae tunaishi nae nyumba moja hapa Majengo. Alichungulia nyuma ya meno ya mbele akaniuliza pole pole, mama, unatapika mara kwa mara? Nikasema ni asidi ya tumbo. Uongo. Nilikua na miaka 37, na tangu shule nilikua nangoja watu walale nafungua friji nala chochote kilichobaki, wali, mkate, hata mahamri ya watoto ya asubuhi, hafu nakimbia chooni nafungulia mfereji watu wasisikie. Na Ramadhani ndo usiseme, nani atakuuliza mbona huli?

Nilipoambiwa kuna kikundi cha watu wazima wenye shida kama yangu nilikataa katakata. Mombasa hii? Kutoka Kibokoni mpaka Likoni kila mtu anamjua shangazi yako. Mwisho nikaazima nikabu ya wifi yangu nikaenda nayo.

Tulikua saba, mmoja mwanamume, dereva wa tuktuk (ameniruhusu nimtaje hivyo). Siku mbili za mwanzo sikufungua mdomo, kwa hivyo usihukumu kikundi kwa siku ya kwanza. Siku ya tatu tukaletewa mbaazi na mahamri tule pamoja, mshauri nae anakula. Mi nikaanza kumega vijipande, navisukuma huku na huku kwenye sahani, hila yangu ya miaka yote. Yule dereva akaniangalia mkono, akasema, "Dada, mimi pia navikata hivyo hivyo." Hakuna aliecheka. Nyumbani ukisema umeshiba wanakuamini, pale unamdanganya nani, wote wanajua uongo huo kukushinda.

Sasa we unaetafuta kikundi, sikiza kwanza kama wanataja namba. Sisi ni marufuku kutaja kilo, kalori wala saizi ya nguo, manake ukitaja zako mwenzio anakwenda kushindana nazo usiku kucha. Ukifika mahali mnapandishwa mizani mbele ya watu na mnapigiana makofi, hicho ni kikundi cha kupunguza mwili, toka na viatu mkononi.

Na daktari umuone pia, kikundi hakipimi damu. Kutapika kunashusha potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga ovyo, hata kama kwa macho unaonekana mzima na watu wanakwambia umenawiri mashaallah. Lingine, ukishatapika usikimbilie mswaki, sukutua maji tu, asidi imeshalainisha meno na mswaki utayakwangua. Hilo nimelijua nimechelewa.

Sijapona, juzi tu kwenye harusi nilirudia tena kula na kutapika, nikalisema kikundini Jumamosi yake.

Nikabu nilimrudishia wifi mwezi wa pili. Akaniuliza nilikua naenda nayo wapi, nikamwambia.