Gata la inchi 4 linatosha?

Dada, umeuliza kama gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) la inchi 4 na bomba moja la kuyashusha la inchi 3 vitatosha upande wa paa wenye mita 12 kwa 5. Havitatosha.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Wewe una mita za mraba 60. Masika ikimwaga kwa kasi ya milimita 120 kwa saa, hizo ni lita 2 kila sekunde: ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 10! Mimi nilibana pesa hapo, maji yakaruka gata, yakachimba udongo hadi mawe ya msingi yakaonekana.

Weka gata la inchi 6. Kwa mabomba, kila mita ya mraba ya paa ipewe sentimita 1 ya mraba ya mdomo wa bomba. La inchi 3 lina kama 45 tu, kwa hiyo funga mawili, moja kila pembe. Gata lianzie juu katikati, lishuke sentimita 3 kila upande. Fundi apime kwa uzi, asikadirie kwa macho.