Nilimchonga Mama Mara Mbili

Juma lililopita dada mmoja wa Bungoma aliniandikia. Baba yake amefariki, mbele ya nyumba kuna kipande cha nyasi, na anataka sanamu na maua ili mzee akumbukwe. Aliuliza bei tu. Nilishindwa kumtajia, maana ombi lake ni lile lile nililojipa mimi mama alipotutoka 2021, na nilivyolitimiza ni aibu.

Mimi ni mtoto wa Tabaka, Kisii, kwenye jiwe la sabuni. Jiwe letu ni laini, hata ukucha unalikwaruza. Wanaume huchonga kwa panga na visu, kisha kazi inakwenda kwa wanawake: kusugua kwa msasa na maji, kuosha, kusugua tena, kupaka nta. Mama alisugua zaidi ya miaka thelathini. Viboko, sahani, vikombe, Mariamu na mtoto. Hakuna kazi hata moja yenye jina lake. Msasa ulimla vidole mpaka siku ya kuandikishwa kupiga kura mashine ya alama za vidole ikamkataa mara tatu, na yeye akacheka.

Mimi wakati huo nilikuwa Nairobi, naitwa msanii. Kazi zangu zimekwenda mbali, sitajisifu sana. Mwaka uliofuata msiba, biashara iliporudi, niliapa kwamba mama atapata sanamu ambayo eneo letu zima la Gucha halijaona. Nilinunua jiwe la rangi ya waridi, wanaume wanane wakalivuta kutoka chimboni. Nikachonga uso wake kwa kutazama picha ya kitambulisho. Ndiyo, ya kitambulisho, ile ambayo kila mtu hutoka kama anashukiwa wizi.

Nilipoisimamisha nyumbani, mama mdogo aliizunguka mara moja, akasema, "Huyu si dada yangu, mwanangu." Watoto wakaacha kupita pale jioni. Mvua ya Aprili ikalainisha udongo, sanamu ikaanza kuinama, na asubuhi moja tukakuta shingo imekatika. Msingi sikuwa nimeweka! Mchongaji mzima nimesimamisha jiwe juu ya udongo kama mwiko kwenye ugali.

Siku hiyo kaka yangu mkubwa alinipa maneno ambayo mpaka leo yananiwasha. "Umemjengea mama jiwe la elfu themanini. Alipolazwa ulituma elfu mbili." Naweza kujitetea. Ilikuwa korona, watalii hawapo, masoko yamefungwa. Yote kweli. Lakini mabasi yalikuwa yanakwenda Kisii, na mimi sikupanda. Wala kaka si malaika; pale pale alitaka kupanda mikaratusi auze nguzo. Kwetu ardhi ni finyu, kila hatua ya shamba ina mdomo unaoisubiri, na kuiweka sanamu ni kama kumwaga unga.

Nikarudi Nairobi nimenuna. Jumapili moja nikaingia City Park, Parklands, kwenye bustani ya ukumbusho wa Joseph Murumbi. Alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, lakini mapenzi yake yalikuwa sanaa ya Afrika, aliikusanya maisha yote. Alifariki 1990, akazikwa karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi 1965. Kuna kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa kwetu Kisii: ndege wa amani. Nilikaa nikatazama kima wakishuka mitini na kurukaruka kati ya mawe kama kwao. Nikawaza, huyu mzee anakumbukwa kwa alichokipenda. Mama yangu alipenda nini? Picha za kitambulisho hakupenda, hilo nina uhakika.

Nikampigia kaka. Tulizungumza saa nzima, dakika arobaini za kwanza ni ugomvi. Tukakubaliana kwamba sanamu hazitachukua ardhi, zitakaa ndani ya shamba lake mama. Nikachonga ua la mgomba linaloinama, boga, kokwa la parachichi lililopasuka linachipua, kiota cha mnana, na nyingine. Saba kwa jumla, hakuna inayozidi kiuno changu. Zimekaa kati ya migomba na chinsaga, mboga yetu ya Kisii. Mikaratusi kaka ameipeleka kule chini, mbali na kisima.

Sasa dada yangu wa Bungoma, sikiliza. Weka msingi: chimba futi moja na nusu, kokoto kwanza, halafu zege. Jiwe la sabuni likikaa nje lisichongwe shingo nyembamba wala mikono iliyonyooshwa. Umbo liwe limejikusanya kama kuku aliyeatamia. Panda kwanza, chonga baadaye, uone kivuli kinaangukia wapi. Na weka msingi. Nimeshasema? Narudia. Pia keti na ndugu zako kabla hujatoa shilingi, kwa sababu jiwe linalosimama kwa hasira halina msingi hata ukimwaga zege lori zima.

Na wewe unayesoma haya, kama una mzazi hai na umeahirisha safari ya nyumbani, funga simu. Sisi wa mjini tunajua sana kugharamia wafu. Jeneza la vioo, mahema, fulana zenye picha, ilhali aliyelala mle alikuwa akiomba nauli ya kliniki. Mimi ni mmoja wao, ndiyo maana nina ruhusa ya kusema.

Bei nitakutumia, dada, usijali. Ila niambie kwanza mzee alikuwa akishika nini mkononi kila asubuhi.

Mwezi jana tulikuwa nyumbani kwa kumbukumbu. Mawe yalikuwa yameota ukungu wa kijani, nami nikatafuta brashi. Mama mdogo alikuwa ameshanitangulia. Alikuja na ndoo ya maji na vipande vya msasa kwenye leso, yeye na wanawake wanne waliosugua pamoja na mama. Wakagawana mawe, wakaketi chini ya migomba, wakaanza kusugua huku wakimsengenya marehemu kwa mapenzi. Boga lilipokwisha, mama mdogo akalipitishia kiganja, akaniita nilete nta.